Kamba Haina Misuli

Kwetu Muyinga kamba ina ncha mbili na kazi moja. Ncha hii ni ya mtu, ile ni ya mbuzi au ng'ombe au ndoo iliyozama, na kazi ni kuvuta. Nilikuwa na miaka sita nilipokabidhiwa beberu wa bibi yangu, mnyama aliyekuwa na maoni yake kuhusu kila njia, na somo nililopewa lilikuwa neno moja: vuta. Nikavuta. Nimevuta tangu hapo hadi leo nina miaka arobaini na minne, mke, watoto watatu na duka la vipuri vya baiskeli pale Gitega. Kwa hiyo siku niliyotumbukizwa katika Ziwa Tanganyika, maji yakinigusa kidevu, nikapewa kamba na kuambiwa nisivute, nilidhani shemeji yangu anatania.

Shemeji huyo ni mdogo wa mke wangu. Anaendesha boti ya tajiri mmoja huko Bujumbura. Siku za kawaida anatembeza familia za Jumapili. Akipata mteja mwenye pesa na wazimu kwa pamoja, anamfunga mbao miguuni na kumburuta juu ya maji. Ilikuwa Agosti 2021. Tulikuwa tumeteremka kutoka Gitega, kilomita mia moja hivi za kona, kwenda kwenye posa ya binamu. Baada ya posa tukala samaki wa mukeke ufukweni, na baada ya mukeke shemeji akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu kwamba watu wa milimani hata maji ya kuoga huyapima kwa kikombe. Mke wangu akacheka. Angecheka kidogo tu ningevumilia.

Msomaji aelewe natoka wapi. Gitega ni mji mkuu wa siasa tangu 2019, una makumbusho ya taifa, una ngoma za Gishora hapo jirani, una ubaridi wa asubuhi unaokunja vidole. Ziwa hatuna. Muyinga nako, ukitaka maji yaliyotulia, unakwenda upande wa Kirundo kuyatazama maziwa ya Rweru na Cohoha, na huko utakuta ndege na wavuvi, wote wakiwa na shughuli zao. Mimi kuogelea nilijifunzia mtoni, kule ambako kuogelea maana yake ni kutozama mpaka mkubwa wako afike.

"Kaa kama uko kwenye kigoda," shemeji akasema. "Magoti kifuani. Ncha za mbao zichungulie nje ya maji. Mikono inyooke. Boti itakutoa yenyewe. Wewe usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Usifanye kitu, shemeji."

Hakuna mwenye duka aliyewahi kupewa amri ngumu kuliko hiyo. Boti ikanguruma, kamba ikakaza, na mikono yangu ikamkumbuka beberu. Nikavuta kile kishikio hadi kifuani, nikasimama wima kabla ya wakati, mbao zikapiga mbizi, nami nikaruka mbele kama mtu aliyeitwa kwa jina. Hapo mwenye akili anaachia kamba. Lakini mtu wa Muyinga haachii kamba. Ukiachia, mbuzi anaingia shamba la jirani, na kesi inafika kwa bashingantahe, wazee waamuzi, na baba anatozwa pombe ya wazee. Sikuachia. Nikasafiri chini ya maji, uso mbele, mdomo wazi, mwendo ambao sijawahi kuufikia hata kwa basi. Vitabu vinasema Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kikubwa zaidi. Naamini siku ile nilikipunguza.

Mara kumi na moja nilifanya hivyo hivyo. Kati ya mara ya tano na ya sita, nikiwa naelea na jaketi limenipanda masikioni, nikamkumbuka Gustave. Nani Burundi hamjui Gustave? Yule mamba wa Ruzizi na ziwa la kaskazini, anayesemekana kuzidi mita sita, aliyetegewa mtego wa chuma wakamtengenezea na filamu, na mtego ukarudi mtupu. Nikamuuliza shemeji kama kuna habari zake. Akajibu kwamba miaka mingi hajaonekana. Jibu hilo lingempa faraja mtu aliye juu ya boti. Kwangu mimi, mnyama asiyeonekana ndiye hasa niliyekuwa namwogopa.

Mara ya kumi na mbili sikuwa na nguvu ya kuvuta. Mikono ilikuwa imekufa, nikaiacha inyooke yenyewe, na boti ikanitoa majini kama mama anavyomtoa mtoto kwenye beseni. Nikasimama. Milima ya Kongo ilikuwa mahali pake, mji ulikuwa mahali pake, nami katikati nilikuwa nateleza kama mafuta ya mawese juu ya wali wa moto. Nikahesabu hadi saba. Kwenye nane nikampungia mke wangu mkono.

Usipunge mkono.

Ingeishia hapo, ningekuwa na hadithi ya kusimulia harusini na mgongo wa kukandwa wiki moja. Lakini shemeji, akinifuta maji, akasema: "Mbao mbili ni za watoto, shemeji. Watu wazima wanapanda mmoja. Wanaita slalomu." Nikarudi Gitega na neno hilo kichwani kama deni.

Usiku, duka likishafungwa na umeme ukiwa umetukumbuka, nikaanza kusoma na kutazama video kwenye simu. Uwanja wa slalomu una urefu wa mita 259. Boti inapita katikati, imenyooka kama rula, na nyuma yake mtu aliye juu ya ubao mmoja anakwenda kushoto na kulia akizunguka maboya 6, matatu upande huu na matatu upande ule, kila boya likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Anaingia kwa lango, na lazima atoke kwa lango. Wanaume hodari huvutwa kwa kilomita 58 kwa saa, wanawake 55. Yote yanaisha kwa sekunde 16 hivi, muda ambao mimi huutumia kutafuta ufunguo mfukoni.

Ila kiini cha mchezo kiko kwenye kamba. Mwanzoni ina mita 18.25. Ukifanikiwa kuzunguka maboya yote, hupewi zawadi, unapunguziwa kamba: 16, halafu 14.25, halafu 13, 12, 11.25, na kuendelea kushuka hadi 9.75. (Watumishi wa umma wanaousoma ukurasa huu wanaujua mchezo huo.) Sasa piga hesabu. Boya liko mita 11.5 kutoka katikati, kamba ina mita 11.25 au chini yake. Kamba haifiki! Kile kinachopungua mtu anakijaza kwa mwili wake mwenyewe: anajinyoosha, analala juu ya maji karibu ubavu mzima, mkono mmoja kwenye kishikio, na ubao ndio unaolizunguka boya kwa niaba yake. Nilipoelewa hilo nilimwamsha mke wangu. Alisema amefurahi, akageukia ukutani.

Kilichonitia moyo zaidi ni habari za mwanzilishi. Mwaka 1922, wakati hapa Gitega Wabelgiji walikuwa bado wanakizoea kiti walichowanyang'anya Wajerumani, kijana mmoja wa Minnesota, Marekani, jina lake Ralph Samuelson, aliamua kwamba ikiwa watu wanateleza juu ya theluji, basi na juu ya maji wanaweza. Alijaribu kwa mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama. Akachonga mbao zake mwenyewe na kuzichemsha ncha kwenye chombo cha mama yake ili zipinde, akaburutwa na boti kwenye Ziwa Pepin, akaendelea kuzama siku baada ya siku mbele ya watu wa mji wake. Mwishowe akagundua kwamba inatakiwa uegemee nyuma na ncha za mbao zitoke juu ya maji. Basi. Ndio ugunduzi wenyewe. Alikuwa amebakiza siku moja atimize miaka 19. Mimi nilikuwa nimemzidi umri zaidi ya mara mbili, ila nilikuwa na faida moja juu yake: vyombo vya mama mkwe wangu vilikuwa mbali, Muyinga.

Shemeji alikuwa amenipiga picha ile safari ya sekunde nane. Niliikuza kwenye simu, nikaichunguza kama daktari. Mtelezaji mzuri ana kiuno mbele, mgongo wima, magoti laini, kishikio kiko chini karibu na nyonga, macho yanatazama mbali kule anakokwenda. Anaegemea kinyume cha boti kwa mwili mzima, kuanzia kifundo cha mguu. Mimi kwenye picha nilikuwa nimekunjika katikati, makalio nyuma, kishikio kidevuni, macho kwenye vidole vya miguu, mfano wa mtu anayetafuta kiti gizani. Nikaamua kujirekebisha.

Kisha petroli ikaadimika nchini. Boti ya tajiri ikapandishwa mchangani, ikafunikwa turubai, na kuku wa jirani wakaanza kutagia humo. Nikabaki na slalomu yangu kilomita mia moja kutoka kwenye maji, katika mji ulio mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua mpini wa fagio, nikaufunga kamba, nikaifunga kamba kwenye mti wa parachichi uani.

Jambo la kwanza ni kujua mguu upi unakaa mbele. Ukipanda ubao mmoja, mguu mmoja uko mbele na wa pili nyuma yake, na ukikosea unaweza kuhangaika mwaka mzima. Kipimo chake ni rahisi: mtu akusukume kutoka nyuma bila wewe kujua, na mguu utakaotangulia kukuokoa ndio wa mbele. Wapo wanaosema kinyume chake kabisa, lakini kusukumwa wanakubaliana wote. Nikamwomba mke wangu anisukume siku yoyote, saa yoyote, bila taarifa. Nilikosea kumwambia "siku yoyote". Mke wangu ni mwanamke mwenye subira. Siku ya kwanza nilitembea kwa tahadhari, ya pili nikawa natazama nyuma, ya tatu nikasahau. Yeye hakusahau. Siku ya tisa nilikuwa nimebeba sinia, naingia sebuleni walikokaa wajomba zangu wawili waliotoka Muyinga kuzungumza habari za shamba, nikasikia mikono miwili katikati ya mabega.

Hakuna mguu uliotangulia. Yalitangulia maandazi. Birika likafuata, nami nikaja wa tatu, kwa goti, hadi miguuni kwa mjomba mkubwa, ambaye kwa heshima ya mila zetu alidhani naomba radhi. Akanisamehe hapo hapo. Mpaka leo sijui alinisamehe nini, na sijathubutu kumuuliza kwa sababu shamba tulilipata.

La maboya nalo lilikuja na balaa lake. Nilitengeneza ubao wenye beringi nne chini, beringi za dukani kwangu mwenyewe, na mpango ulikuwa kwamba mtoto wa dada yangu anivute kwa baiskeli kwenye barabara ya mteremko mdogo karibu na nyumbani, Jumapili alfajiri, watu wakiwa hawajaamka. Nikapima mita 259 kwa hatua. Maboya sikuwa nayo, ila nilikuwa na madumu sita ya njano, yale ya lita 20 ambayo kila nyumba inayo. Nikayapanga vizuri: moja kulia, moja kushoto, moja kulia, hadi sita. Nikarudi nyumbani kumwamsha kijana, kutafuta kamba, kunywa chai. Kama dakika ishirini na tano.

Tuliporudi, madumu yalikuwa arobaini na moja.

Yalikuwa yamenyooshwa mstari mmoja, yamebanana, na wenyewe wamesimama pembeni wamejifunika vitenge na makoti. Nyuma ya madumu kulikuwa na pikipiki saba zimezimwa, na kwenye jiwe kuna mzee mwenye daftari anaandika majina. Nikamuuliza mama mmoja foleni ni ya nini. "Petroli," akasema. Wa pembeni akamsahihisha: maji, kwa sababu mabomba yalikuwa makavu tangu Ijumaa. Wa tatu akasema yeye hajui ila akiona foleni haulizi, anapanga, maana wanaouliza ndio hukosa. Nikaenda mbele kuchukua dumu langu la kwanza. Kelele iliyopigwa iliamsha mbwa wa mtaa wa pili. "Fuata foleni, bwana! Sisi tuko hapa tangu usiku!"

Nilijaribu kueleza. Msomaji naye ajaribu siku moja kuwaeleza watu hamsini wenye kiu na tanki tupu kwamba madumu hayo ni maboya, na kwamba wewe unataka kuyazunguka kwa ubao. Yule mzee wa daftari alinitazama kwa huruma, akaniandika. Nikawa namba thelathini na saba kwenye uwanja wangu mwenyewe. Saa nne ikapita lori la mchanga na watu wakalishangilia. Saa sita wakaanza kutawanyika, wakiisema serikali, wakimsema mzee wa daftari. Madumu yangu matano niliyapata. La sita, ambalo mfuniko wake ulikuwa mwekundu, silioni hadi leo, na kila nikipita mtaani nayatazama madumu ya watu.

Aliyenifundisha slalomu hasa hajawahi kusikia neno hilo. Ni kijana wa upande wa Muramvya, mteja wangu, mmoja wa wale wanaoteremsha ndizi Bujumbura kwa baiskeli. Kila aliyepita barabara ile amewaona. Wanateremka mlima na mikungu imefungwa nyuma hadi baiskeli haionekani, na wakishauza, kupanda tena hawakanyagi pedali: wananing'inia nyuma ya malori. Kutoka ziwani hadi Bugarama ni kupanda kutoka chini ya mita 800 hadi zaidi ya mita 2,000, kona juu ya kona, na utawaona wanne watano nyuma ya lori moja, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye usukani. Si jambo la kusifia. Nimewauzia raba za breki vijana ambao hawakurudi kununua nyingine.

Siku hiyo nilikuwa nimefunga kamba yangu kwenye nguzo ya mbele ya duka, naegemea, kiuno mbele, kama nilivyoelekezwa na simu. Kijana akasimama na baiskeli yake, akanitazama muda mrefu.

"Patroni, unavuta nini?"

"Sivuti. Najifunza kutovuta."

Akaja akanigusa mkono, hapa juu ya kiwiko, kwa kidole kimoja, kama anayepima parachichi. "Unavuta," akasema.

Akachukua mpini wa fagio, akaegemea nyuma. Ni hapo nilipoona nilichokuwa nakitafuta kwenye video miaka miwili. Mikono yake ilinyooka lakini haikuwa na kazi; vidole vilikunjwa tu kama ndoano. Mabega yalikuwa yameshuka. Kiuno kilikuwa mbele bila yeye kukipeleka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliye karibu kusinzia. Angeweza kukaa vile hadi magharibi.

"Lori halivutwi, patroni," akasema akiwa bado ameegemea. "Lori hata halijui kama upo. Ukivuta, mkono umekufa kabla ya kona ya tatu. Mkono ni kamba tu. Kamba haina misuli."

Nikamuuliza habari ya kamba kulegea, kwa sababu kwenye slalomu hilo ndilo janga: ukimaliza kuzunguka boya kwa pupa unaisogelea boti, kamba inalegea, na ikikaza tena inakung'oa. Akanijibu kabla sijamaliza. Dereva akibadilisha gia, alisema, lori linasita, baiskeli inalisogelea, mkono unalegea, na lori likishika tena ndipo bega linapotoka mahali pake. Dawa ni kutolisogelea. Unabaki nyuma, umening'inia, mkono umenyooka muda wote, hata lori likisimama. Na macho? Akashangaa naulizia macho. Ukitazama shimo, unaingia shimoni. Unatazama mahali unapotaka kupita, shimo litajijua lenyewe.

Akachukua raba mbili za breki. Nilipokataa pesa alidhani naumwa.

Ikafika Aprili 2024. Mvua za mwaka ule Warundi hawajazisahau. Ziwa lilipanda hadi likaingia majumbani mwa watu, na shemeji hakuwa tena na petroli wala ufukwe. Sisi tukapanda gari kwenda Muyinga kwa njia ya Karusi, kula Idd el-Fitri kwa wakwe, mtaa wa Waswahili. Nyumba kadhaa zilikuwa zimechanga kununua dume moja la ng'ombe, jekundu, lenye pembe za kumfanya mtu asalimie kwa mbali. Jioni ya kuamkia Idd lilikuwa limesimama juu ya mteremko, wazee wakibishana nani atachukua ngozi, na kwa kuwa mimi ndiye mkwe, nikapewa kamba. "Shika hapo kidogo, baba," mama mkwe akasema, kisha akateremka kwenda kufungua geti.

Nikashika. Chini yangu kulikuwa na udongo mwekundu wa Muyinga uliopigwa na mvua ya mchana, unaong'aa kama sahani iliyolambwa, na miguuni nilikuwa na kandambili zilizolika hadi zikafanana na maganda ya ndizi. Pande zote mbili za njia akina mama walikuwa wamepanga malundo yao juu ya magunia: nyanya, maparachichi, viazi vitamu. Lori la mizigo lililotoka Kobero likafika barabara ya juu, likapumua breki zake. Pshaaa.

Dume likaondoka.

Namshukuru Mungu kwamba kilichonijia kichwani safari hii hakikuwa beberu wa bibi. Alikuwa yule kijana wa ndizi. Mikono ikanyooka. Magoti yakalainika. Kiuno kikaenda mbele chenyewe. Dume lilishika katikati ya njia, limenyooka kama boti, nami nyuma nikaanza kuyumba upande wa kulia, na kule kulia kulikuwa na lundo la nyanya, na nyuma ya nyanya mama aliyeshika kichwa kwa mikono miwili. Sikulitazama lundo. Nilitazama nafasi baada ya lundo. Nikalizunguka. Kandambili ya kushoto ikabaki hapo, nikawa kwa mguu mmoja wa kulia, wa kushoto ukiburura nyuma yake. Swali lililogharimu birika na maandazi likapata jibu.

"Yampayinka!" bibi mmoja akapaza sauti. Ndivyo tunavyosema Burundi tukishtuka: tunamtaja aliyetupa ng'ombe. Sijui mara ngapi neno hilo limewahi kutamkwa na ng'ombe mwenyewe akiwa anapita.

Nikavuka katikati, matope yakiruka pande zote mbili kama mkia wa boti, nikaenda kushoto, kwenye maparachichi. Nikayazunguka. Kulia tena, viazi. Kote nilikopita watu walikuwa wananipigia kelele neno lile lile nililofundishwa nikiwa na miaka sita: "Vuta! Vuta, wee! Mbona huvuti?" Sikuvuta. La nne lilikuwa nyanya tena, na hapo nililegea kidogo, kamba ikakaza ghafla, matope yakalifunika lundo zima. Hilo nililipa baadaye, bei ya sikukuu. La tano, ndizi. La sita sikuliona ni la nini, kwa sababu nilikuwa naanza kuamini.

Chini ya mteremko mama mkwe alikuwa amefungua geti lake, nguzo mbili za mkaratusi. Dume lilipita katikati ya nguzo kwa adabu, likasimama uani, likainamia majani. Mimi niliipita nguzo ya kushoto kwa nje, nikatua kwenye mtaro, nikakaa humo maji yakinifika kifuani, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, kamba bado mkononi.

Mama mkwe akaja akasimama ukingoni. Alinitazama kuanzia juu hadi pale matope yalipoanzia.

"Baba," akasema taratibu, "mbona hukuvuta?"

Usiku ule, nimeshaoga mara tatu, nikampigia simu shemeji Bujumbura. Nikamweleza kila kitu: mikono, kiuno, macho, mguu wa kulia, malundo sita kwa sita. Alikaa kimya kidogo, kimya cha fundi.

"Na lango la kutokea?" akauliza.

"Ng'ombe alipita."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nilipita pembeni."

"Basi haikukamilika, shemeji. Sita bila lango ni sita tu, hupunguziwi kamba. Rudia."

Haikuwezekana kurudia. Kufikia adhuhuri ya kesho yake boti ilikuwa imeshakuwa pilau.